Mtukana Nyani wa Maposeni

Asubuhi moja ya Machi, mwaka ule Wazungu walipokuja kuanza kupigana wao kwa wao, bonde la Maposeni liliamka bila kutukanwa. Ukungu ulijikunja ukaondoka mtoni, moshi ukatoka juu ya mapaa, na hakuna sauti iliyopasuka kutoka upande wa kilima kumwambia nyani yeyote kwamba makalio yake hayana adabu. Watu waliokuwa wakienda kulima walisimama njiani, majembe begani, wakasikiliza. Bonde lilikuwa kimya mpaka likatia hofu. Nyani wenyewe, ukoo mzima, walishuka hadi mpakani mwa shamba wakakaa chini, mikono magotini, kama wageni waliobisha hodi wakakosa wa kuwajibu. Walikaa hivyo mpaka jua likawa kali. Ndipo wakaanza kula, na ndipo jirani wa kwanza akatupa jembe lake na kukimbilia nyumbani kwa Kunegunda, maana alikwisha kujua atakachokikuta.

Kunegunda alikuwa mlinzi wa shamba, kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitungia wimbo. Tangu mahindi yanapobeba hadi yanapoingia ghalani, aliishi dunguni, jukwaa la miti minne na paa la nyasi, refu kupita mahindi, ambalo ukikaa juu yake unaona kila kinachotoka msituni na kila anayeingia kwa jirani. Alikuwa na kombeo la ngozi kwa ajili ya nguruwe. Alikuwa na kamba za magome zilizotoka dunguni hadi pembe zote za shamba, zimefungwa vibuyu vya kokoto; akivuta moja tu, ndege na tumbili wote hutawanyika. Lakini nyani hawaogopi jiwe wala kibuyu. Nyani, alivyowajua yeye, wanachukia kutajwa. Kwa hiyo aliwapa majina. Majike mawili yaliyogombana kutwa kucha aliyaita kwa majina ya mawifi zake. Dume mkubwa kuliko wote, aliyekula kwanza, akawapiga makofi wadogo, na hatari ikija akawa wa mbele kukimbia, alimwita Jumbe.

Jina lake mwenyewe alipewa na padri wa Peramiho siku ya ubatizo, na hakuna jino katika Ungoni nzima lililowahi kulitafuna jina hilo likaisha. Yeye alilipenda. Alisema jina refu lina faida, mtu akikuita kwa shari anachoka katikati.

Mume wake, Pankrasi, alimwagiwa maji mara mbili. Mara ya kwanza padri alimmwagia kichwani, akamwambia ataishi milele. Mara ya pili mganga aliyetoka mashariki alimmwagia kifuani, akamwambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. "Baba Justa," Kunegunda alimwambia, "umelowa vya kutosha. Baki nyumbani." Hakubaki. Risasi hazikuwa zimeambiwa lolote.

Vita vilipokwisha kwa watu, vikaanza kwa maghala. Askari walipita nyumba kwa nyumba na mienge, wakachoma mahindi, wakachoma ulezi, wakachoma hata vicha vya maharage vilivyotundikwa jikoni. Wakubwa wa Wangoni walinyongwa bomani Songea, na wadogo wakaachiwa njaa, ambayo haihitaji kamba. Magobori yalikusanywa, mikuki ikakusanywa, nyavu za kuwindia zikatiwa moto. Wanyama hawakutangaziwa jambo hilo, lakini walilielewa upesi kuliko watu. Pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, walianza kulala kwenye viwanja vya ngoma. Ngiri walizaa ndani ya nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekufa.

Machi ya mwaka 1907, katika bonde zima, shamba lenye mahindi yaliyosimama lilikuwa moja tu. Kunegunda alibeba matofali ya misheni iliyokuwa ikijengwa upya, miezi mitatu, akapewa bakuli la mbegu. Mama mkwe wake alilala juu ya mbegu hizo mpaka mvua ziliponyesha, ili watoto wasizile. Na Kunegunda alilala mlangoni, ili mama mkwe asizile. Sasa mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Yalibakiza wiki tatu. Watoto wake, Justa na Sipriani, wangekula mahindi hayo au wasingefika Juni. Halikuwa jambo la kubashiri. Watoto wa nyumba ya pili hawakufika Februari.

Na kila mwenye meno katika msitu ule alikuwa na habari za shamba hilo.

Siku mambo yalipoanza, Kunegunda alikuwa amesimama dunguni, mikono kiunoni.

"Jumbe, mlafi wewe! Makalio hayo unamwonyesha nani? Shuka hapo kabla sijakuja kukuvua hicho kidogo ulichobakiwa nacho!"

Chini, njiani, mtu alisimama ghafla akajitazama nyuma. Alikuwa Jumbe Gaudensi, jumbe halisi wa serikali, mwenye kofia. Gaudensi alipata ujumbe kwa sababu siku maji ya mganga yalipogawiwa kijijini hakuonekana, na Wajerumani wakaandika kwamba ni mtu mwaminifu. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa kichakani anahara. Kuhara hakukuandikwa.

"Unamtukana nani, wewe mwanamke?"

"Ah, Jumbe! Shikamoo. Sikukuona. Nilikuwa naongea na huyu mwenye manyoya."

"Huyo nyani anaitwa nani?"

"Nyani ataitwa nani, Jumbe? Mimi napiga kelele tu, yeye anajichagulia la kuitikia."

Gaudensi angependa kuliendeleza jambo hilo, lakini alikuwa na wageni. Nyuma yake alikuja Mzungu mwekundu, mrefu, shingoni ana darubini, na nyuma ya Mzungu wapagazi thelathini wenye mizigo, kiti, beseni la kuogea, na sanduku lenye miguu mitatu. Hakuwa mtu wa boma. Alitoka kwao Ulaya, akatembea kutoka Kilwa kwa miguu, ili awaone wanyama. Hakuja kuwaua, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Kila alikopita waliulizana: mwezi mzima juani, amkute pofu anakula, amtazame, kisha amwache aende zake? Kwao hakuna ng'ombe wa kutazama? Walimwita Bwana Darubini.

Aliyekuwa akimsemea ni Daimu, Myao wa Tunduru, mkalimani na pia mnyapara wa mizigo yote. Wayao na Wangoni waliwahi kuchinjana sana zamani, na walipochoka wakawa watani, wakatukanana badala yake. Daimu aliinua macho, akaona mtu wa kumfaa.

"Nani huyu amekaa juu ya miti kama kunguru? Mngoni! Babu zako walifika hapa na ng'ombe wa wizi, na wewe umebaki kulinda mabua."

"Na wewe mla panya," alijibu Kunegunda, "nilidhani njaa imeshawamaliza panya na wewe ukafuata. Mbona umenenepa? Unakula nini?"

"Wali, mtani. Asubuhi na jioni."

Kunegunda alilishika neno hilo akaliweka.

Bwana Darubini alisema maneno mengi, akielekeza kidole msituni, kisha shambani, kisha dunguni. Daimu aliyakusanya. Bwana ameambiwa kwamba hapa ndipo wanyama wote wanapokuja. Bwana atakaa dunguni siku tatu. Mama atashuka, aende nyumbani, asipige kelele, asivute kamba, asirushe jiwe. Bwana anataka kuwaona wanyama katika amani yao.

"Amani yao iko ndani ya mahindi yangu," alisema Kunegunda. "Mwulize: wakishayamaliza, mimi na wanangu atatutazama pia?"

Daimu alitafsiri. Mzungu akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unasema karibu sana."

"Mwongo."

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa, mtani."

Hata hivyo alimwuliza tena, kwa namna yake, na jibu likarudi kwamba wanyama wote wa nchi hii ni mali ya Kaizari. "Basi waende wakale kwa Kaizari," alisema Kunegunda. Hapo Gaudensi akaingilia, akataja kiboko, akataja hamsa ishirini, akasema hata wanawake wamewahi kulazwa chini. Kunegunda alishuka. Alishuka polepole, akaacha kombeo limening'inia, na alipopita kando ya Mzungu alivuta pumzi. Mtu yule alinuka sabuni, tumbaku na kitu kingine kama samli iliyochacha.

Siku ya kwanza bonde lilinyamaza. Bwana Darubini alisimamisha sanduku lake juu ya dungu, akajifunika shuka jeusi kichwa kizima kama mwari anayetolewa ndani. Wanyama walisita. Hawakuwa wamezoea kukaribishwa. Kisha nyani wakashuka, ngiri wakafuata na watoto wao, mikia juu, na saa nne hivi pofu wanne walitokea mchana kweupe, wanono, wakatembea kwa madaha ya matajiri. Kunegunda alikuwa mlangoni kwake. Hakuweza kuona kitu kwa sababu ya mabua, lakini alisikia. Hindi likivunjwa hutoa mlio mdogo, kama kidole kinapovunjwa ili kilie. Alisikia vidole vingi. Ndani ya nyumba Sipriani aliuliza kama mahindi yanaiva, mama mkwe akamwambia nyamaza, na wote wakaendelea kusikiliza.

Jua lilipofika utosini Kunegunda alichukua kikapu akaenda kambini.

Wapagazi walikuwa wamelala chini ya miti. Daimu alikuwa amekaa juu ya mizigo ya mchele, anachokonoa meno. Mizigo karibu yote ilikuwa chakula, maana Bwana aliambiwa Ungoni hakuna cha kununua.

"Toka hapo juu, mtani."

Alitoka, kwa kushangaa. Kunegunda alipiga magoti, akafungua mdomo wa gunia kwa meno, akaanza kuchota mchele kwa mikono miwili, mbele ya watu thelathini.

"Unafanya nini?"

"Nakuibia."

"Mchana huu?"

"Wewe si mtani wangu? Nikufiche nini?"

Daimu alicheka mpaka akashika tumbo, na wapagazi wakacheka. Alicheka kwa sababu ilikuwa haki. Anachokichukua mtani si wizi. Unaweza kumtukana kwa kukichukua, unaweza siku nyingine kwenda kwake ukabeba kuku wake, lakini kumshtaki huwezi. Anayemshtaki mtani amejitoa mwenyewe katika utani. Siku akifa hakuna mtani atakayemchimbia kaburi, hakuna atakayemwiga jinsi alivyokuwa akitembea, hakuna atakayemsimanga maiti mpaka wafiwa wacheke. Atafukiwa tu, kama mzoga. Isitoshe kilikuwa kikapu kimoja.

Alasiri alirudi na kikapu kikubwa zaidi. Asubuhi ya pili alikuja na mama mkwe wake, ambaye tangu Desemba alikuwa hawezi kusimama.

Daimu hakucheka tena.

"Mtani, sasa basi. Mchele huu si wangu, ni wa Bwana."

"Na mahindi yale ni ya Bwana?"

"Kunegunda." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Atanichapa. Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Hamsa ishirini kwa mgongo huu? Utazame mgongo wenyewe. Hautoshi."

"Basi nishtaki."

Daimu aligeuka akatazama upande wa dungu.

"Nenda, yuko juu ya dungu langu, amejifunika shuka. Mwambie Mngoni anakuibia. Watanilaza chini, nitakula zangu, nitaamka. Na wewe ukifa huku, mbali na Tunduru, nani atakuzika? Darubini?"

Mtu mmoja kwenye kivuli alicheka kwa pua. Daimu alitazama mizigo, akatazama shamba, ambako vidole viliendelea kuvunjika. Mama mkwe wa Kunegunda alikuwa ameketi chini kando ya gunia, anatafuna punje mbichi moja moja kwa meno mawili aliyobaki nayo, macho yamefumbwa. Hatimaye Daimu aliinama, akashika pembe ya mzigo mzima, ratili sitini, na mpagazi mmoja wa Songea akashika pembe ya pili. Waliuinua wakautua juu ya kichwa cha Kunegunda.

"Mwizi wa ng'ombe wee," alisema Daimu. "Shingo lenyewe kama la punda."

"Na wewe, mla panya. Mungu akuongezee panya."

Mambo hayo hayangeweza kufichika. Siku ya tatu, saa kumi, mpishi alimwambia Bwana kwamba mizigo miwili haionekani, na Jumbe Gaudensi, aliyekuwa ameona unyayo wa mwanamke aliyelemewa, alituma askari akamlete Kunegunda. Walisimama wote mbele ya hema. Bwana Darubini alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amefurahi, uso umeungua, daftari magotini. Aliuliza swali fupi. Daimu aliitazama mikono yake.

Kunegunda alijua swali hilo bila kutafsiriwa. Alijua pia kwamba kama Daimu angesema, mchele ungerudishwa mpaka punje ya mwisho, na nyumbani Sipriani alikuwa ndiyo kwanza ameanza kushiba.

"Nyani, Bwana," alisema Daimu, kwanza kwa Kiswahili ili wote wasikie, kisha kwa Kizungu.

Mzungu aliinua kichwa. Nyani? Wamebeba mizigo?

"Wamebeba, Bwana. Nyani wa hapa wameona njaa kubwa. Wamejifunza."

Wamebebaje?

"Kichwani, Bwana. Majike ndiyo yanayobeba. Dume anatangulia mbele, mikono mitupu."

Wapagazi waliinamisha vichwa, mabega yakiwacheza. Bwana Darubini alilowesha kalamu yake ulimini akaanza kuandika. Aliandika ukurasa, akageuza, akaandika mwingine.

"Bwana, huo ni uongo," Gaudensi alianza. "Hakuna nyani—"

"Jumbe," alisema Kunegunda taratibu, "huyu Daimu anatafsiri vizuri sana. Nimwombe amweleze Bwana ile siku ya maji ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini? Akaandike na hilo?"

Gaudensi aliiweka kofia yake sawa. Akasema kwamba kweli, nyani wa Maposeni ni wabaya.

Furaha ya Kunegunda haikufika hata machweo, kwa sababu Bwana Darubini, badala ya kuondoka siku ya nne kama alivyoahidi, alitangaza kwamba atabaki. Hawezi kurudi Ulaya bila picha ya nyani jike aliyebeba gunia kichwani. Alipanda dunguni kabla ya jua, akajifunika shuka lake, akangoja. Siku ya nne akangoja. Siku ya tano mvua ilimnyeshea, akangoja. Nyani nao, waliokuwa wameshayazoea makao mapya, walikuja wakakaa wakamtazama. Wengine walileta watoto wao wamwone. Na kila siku aliyokaa mahindi yalipungua upande huu, na mzigo mmoja wa mchele ukahama upande ule, mchana, kwa matusi, wapagazi wakisaidia kuutwisha. Walikuwa watu wenye mama zao, wengi wao, na mama hao walikuwa mahali fulani na njaa hiyohiyo.

Siku ya sita Daimu alimwambia Bwana kwamba chakula kilichobaki kinatosha kufika Songea tu. Bwana Darubini aliondoka asubuhi yake. Alikuwa na picha ya pofu, ya nyuma, na picha nyingi za nyani waliokaa. Alimpa Kunegunda mkono. Daimu hakutoa mkono. Alimwambia kwamba ana uso wa ngiri na akaenda zake akiwa na mgongo mzima.

Kunegunda aliingia shambani peke yake. Yalibaki mabua yaliyokanyagwa na mavi ya kila namna. Alitembea mstari kwa mstari, hakutukana mtu. Alipofika dunguni alisimama. Kuizunguka miguu minne ya dungu, pande zote, kama hatua sita, mahindi yalikuwa mazima, ndevu zake zikipepea. Hakuna mnyama aliyethubutu kusogea hapo. Alivuta pumzi, akaipata ile harufu ya sabuni na samli iliyochacha, imekaa kwenye majani hata baada ya mvua, na ndipo akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Siku sita Bwana Darubini alikuwa amemlindia mbegu.

Mahindi yale hawakuyala. Waliyaacha yakauke wakayapanda Desemba. Mchele, ukichanganywa na mizizi ya porini, uliwafikisha Juni, na kuanzia Juni misheni ilikuwa na viazi. Mama mkwe alifariki mwezi huohuo, ameshiba, akilalamika kwamba wali hauna ladha na kwamba watu wa pwani wanadanganywa. Justa na Sipriani waliota mashavu.

Watu walipenda kumwomba Kunegunda awaigizie Mzungu chini ya shuka, na aliwaigizia, mpaka wazee wakalia kwa kucheka. Mara moja tu mtu alimwuliza hasa Mzungu yule alitaka nini. Alifikiri. "Alikuja kutazama wanaokula," alisema. "Sisi tulikuwa hatuli. Angetazama nini?" Kisha akapanda dunguni, maana alikuwa ameona kitu kikitikisa mabua.

Daimu alipita Maposeni kila msafara ulipomleta, wakatukanana kutoka njiani hadi dunguni, na kila alipopita aliondoka na kuku mmoja wa Kunegunda. Naye hakuwahi kumshtaki.

Kaburi la Kunegunda, aliyekutwa amekufa asubuhi ile bonde lilipoamka bila kutukanwa, liko Maposeni, kulia kwa njia iendayo Peramiho, ndani ya shamba la mahindi la vitukuu vya Sipriani. Halina msalaba wala jina. Wanalima kulizunguka.